Waya wa spidi kwenye redio ya ramani: kifaa nimekisamehe, fundi bado

Nilikuwa nimeshaandika maneno makali kuhusu kifaa hiki, nikayafuta. Kifaa hakina kosa. Au tuseme kosa lake ni dogo, nitalifikia. Aliyenichemsha damu ni fundi aliyekifunga, na kila nikikumbuka siku ile hasira inapanda upya.

Nilinunua redio ya gari yenye ramani kwa sababu moja tu: handaki. Njia ninayopita kila siku inaingia ardhini, na humo ndani kuna mchepuko ambao ukiukosa unakwenda kugeuzia mbali sana. Ramani ya simu ilikuwa ikinitupa palepale. Kishale kinafika mdomoni mwa handaki, kinaganda, nami nabaki kukisia. Haishangazi, kwa sababu GPS inahitaji kuziona setilaiti zisizopungua 4 ili ijue uko wapi, na chini ya mwamba haioni hata moja. Baadhi ya redio za ramani za kufunga kwenye dashibodi zina ujanja mwingine: zinapokea mapigo ya umeme kutoka kwenye sensa ya spidi ya gari lenyewe. Kila pigo ni kipande fulani cha barabara. Kifaa kinahesabu mapigo kujua umekwenda umbali gani, na kifaa kingine kidogo humo ndani kinahisi gari likikata kona. Ukiunganisha hayo mawili, kishale kinaendelea kutembea hata gizani.

Basi fundi akafunga. Siku ya kwanza nikaingia handakini nikiwa na furaha zangu, kishale kikaganda mlangoni. Sawasawa na simu.

Nikarudi kwake. Akaichomoa redio, nikachungulia nyuma nikauona waya wa pinki, ambao kwenye kitabu cha redio yangu ndio wa spidi, umekunjwa na kuzungushiwa tepu. Haujaunganishwa popote. Nikamuuliza.

"Bosi, huo hauna kazi. GPS inatosha."

"Lakini kitabu kinasema uende kwenye sensa ya spidi."

"Hao wanaoandika vitabu hawafungi redio. Sasa hapa fundi ni mimi au wewe?"

Alisema hivyo kwa sauti, mbele ya wateja wengine, bila hata kutoa kichwa chake chini ya dashibodi. Nikanyamaza. Najilaumu kwa kunyamaza kule. Akachukua klipu ya plastiki, ile ya kuminya kwa plaizi ambayo ina kisu kidogo ndani, akaibana juu ya waya mmoja nyuma ya mita, akaingiza ule wa pinki, akafunika. Hakupima chochote. Dakika tano hazikufika.

Nilikuwa kwenye barabara ya kasi mshale wa spidi ulipoanza kuchezacheza, kisha ukalala kwenye sifuri. Gari linakimbia, mita inasema limesimama. Taa ya injini ikawaka. Gia, ambayo ni otomatiki, ikaanza kubadilika kwa kishindo, gari likashtuka kama limegongwa, na nyuma yangu kulikuwa na lori. Kwenye gari langu taarifa ya spidi inayokwenda kwenye mita ndiyo hiyohiyo inayotumiwa na injini na gia. Ukiikata, hukupoteza mita tu. Niliegesha pembeni nikakaa kimya mpaka moyo ukatulia.

Na alinipokeaje niliporudi? Akachomeka mashine ya kusomea hitilafu, ikatoa P0500, yaani taarifa ya spidi ina kasoro, naye akasema: "Sensa yako imekufa, tafuta nyingine. Gari lako lilikuwa na tatizo tangu zamani." Hakugusa klipu yake. Hakuitazama hata kwa jicho. Nikawasha gari nikaondoka polepole.

Jioni ile nilitoa dashibodi mwenyewe, tochi mdomoni. Nilipoifungua klipu niliona kisu chake kimepita kwenye mpira wa waya na kukata karibu nyuzi zote za shaba. Zilibaki mbili, nyembamba kama unywele, zikigusana na kuachana kila gari lilipotikisika. Mtu alitaka ninunue sensa nzima kwa sababu ya kidonda alichokifanya yeye kwa plaizi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba waya aliouchagua ulikuwa ndio wenyewe. Niliulinganisha na mchoro wa umeme wa gari langu, hakukosea. Kwa hiyo alijua. Siku ya kwanza alijua uko wapi, akaona uvivu kuufikia, akanidanganya kwamba hauna kazi. Asiyejua ningemvumilia.

Kazi yenyewe, ukiifanya kwa adabu, ni ya saa moja au mbili. Niliweka vizuizi kwenye matairi ya nyuma, nikainua tairi moja la mbele kwa jeki, gia kwenye nyutro, swichi imewashwa lakini injini imezimwa. Nikaweka mita ya umeme kwenye waya na kumwomba mdogo wangu azungushe tairi taratibu kwa mkono. Namba zikaruka kutoka karibu sifuri mpaka karibu volti 5, zikarudi, zikaruka tena. Yale ndiyo mapigo. Tafadhali usitumie testa ya balbu kwenye nyaya hizi, inavuta umeme mwingi kuliko zinavyostahimili. Na usiguse kabisa nyaya za sensa za ABS kwenye matairi, hizo ni za breki. Nikakata sehemu iliyoumia, nikaunga kwa lehemu, nikavisha mpira wa kusinyaa kwa moto, na ule wa pinki nikauunga hapohapo. Nikafuta ile P0500. Haijarudi mpaka leo.

Halafu nikaingia handakini.

Kishale kikatembea! Kikapita mlangoni bila kusita, kikafuata kona ya kwanza, na sauti ikaniambia nikae kushoto kabla ya mchepuko, mahali hasa panapotakiwa. Nilipiga usukani kwa furaha. Kilichelewa kidogo mwanzoni kwa sababu kilikuwa bado kinajifunza pigo moja ni umbali gani. Baada ya kuendesha siku kadhaa kwenye anga wazi kikakaa sawa. Hata kwenye maegesho ya chini, kwenye ile njia ya kuzunguka kama konokono, kinazunguka nami. Ukibadilisha ukubwa wa matairi, futa alichojifunza kifaa kianze upya, maana kila mzunguko utakuwa na urefu mwingine.

Kwa hiyo nyota tano? Nilitaka kutoa tano. Lakini nikifungua kile kitabu nakasirika tena. Mstari mmoja! Unganisha kwenye waya wa spidi, basi. Hakisemi upimwe vipi, wala hakitahadharishi kuhusu klipu, wala kuhusu ABS. Hakisemi kwamba magari mengi ya sasa hayana waya huo hata ukiutafuta usiku kucha, kwa sababu spidi inasafiri kama data kwenye mtandao wa CAN, yaani nyaya ambazo kompyuta za gari hupeana taarifa, na hapo lazima ununue kiboksi cha kutafsiri. Kitabu kinachoacha pengo kama hilo ndicho kinachompa fundi yule nafasi ya kusema waya hauna kazi. Natoa tatu. Hapana, nne, kwa ajili ya ile kona ya kwanza.

Fundi simpi hata moja. Klipu yake ninayo kwenye droo ya gari, na vipande vya shaba bado vimenasa kwenye kisu. Nitampelekea aishike mkononi, naye aniambie tena kwamba sensa ilikuwa imekufa.