Duka la vitabu vya dini Kibokoni: nilikwenda kutafuta maana ya neno moja

Nafundisha wasichana madrasa ya jioni hapa Mombasa. Aliyenifikisha kwenye duka hili ni mwanafunzi wangu wa miaka 14. Tulikuwa Sura Luqman, aya ya 15, akaweka kidole chini ya neno jaahadaaka. "Ustadha, hawa si wazazi washirikina? Mbona na wao wafanya jihadi?"

Aya yasema wazazi wako wakikushikilia umshirikishe Mwenyezi Mungu, usiwatii, lakini kaa nao duniani kwa wema. Kitenzi ni kile kile cha jihadi: hilo "wakikushikilia" ndilo jaahadaaka. Aya hii naisoma tangu utotoni na sikuwahi kusimama hapo. Nikamwomba anipe siku mbili.

Duka liko kichochoroni, si mbali na Marikiti, halina kibao. Ndani mnaenea watu watatu wakibanana, panka moja, vitabu mpaka darini. Mwenye duka ni mzee, wateja humwita Maalim. Nilipomtajia jihadi hakuanza na bei. Aliniuliza, "Bi mwalimu, wataka kufundisha au wataka kumjibu mtu?" Nikamwambia kufundisha. Akapangusa meza, akaanza kuteremsha.

Cha kwanza ni tarjuma ya Qur'ani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ile iliyotoka Nairobi 1969. Akaifungua Sura al-Furqan, aya ya 52, Mtume anapoamrishwa apambane na makafiri kwa hii Qur'ani, jihadi kubwa. Sura hiyo ni ya Makka, wakati Waislamu wanapigwa na hawana ruhusa ya kurudisha. Ruhusa ya kupigana inakuja katika al-Hajj, aya ya 39, na inapewa waliodhulumiwa. "Sasa hiyo ya Makka ilikuwa jihadi gani, na panga hazipo?" Akanyamaza, akangoja nijibu.

Nyuma yake ana rafu ya vitabu asivyouza. Akatoa tarjuma ya Makadiani, yaani Waahmadiyya, ya 1953, jalada limeshikizwa kwa uzi. Hao wanasema jihadi ya upanga haina nafasi zama hizi, iliyobaki ni ya kalamu. Sheikh Farsy anawajibu Makadiani katika maelezo yake, na Maalim mwenyewe hakubaliani nao hata kidogo. Lakini aliniachia nisome, hakunipokonya kitabu. Kwangu hilo lina thamani kuliko punguzo la bei.

Nilikokaa zaidi ni kwa Ibn Rushd, mwanachuoni wa fiqhi aliyefariki 1198. Bidayat al-Mujtahid, juzuu mbili, Kiarabu kitupu. Mlango wake wa jihadi hauhubiri. Unasema huyu kasema hivi, yule vile, na sababu ya kutofautiana ni hii. Kwamba wanawake na watoto wasiopigana hawauliwi, hapana ikhtilafu, yaani hakuna anayepinga. Wanatofautiana kwa kipofu, mzee aliyechakaa, mtawa aliyejitenga, mkulima. Imam Malik na Imam Abu Hanifa wanamkinga mzee na kipofu na mtawa. Imam Shafii, katika kauli ambayo Ibn Rushd anaitaja kuwa ndiyo sahihi zaidi kwake, hawakingi. Mzizi wa yote ni swali moja: adui vitani anauawa kwa ukafiri wake, au kwa kuwa anaweza kupigana?

Wengi wetu hapa pwani ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu yake, kwa hivyo ukurasa ule uliniuma. Nikaurudia mara mbili. Ni bora nimeusoma, maana vijana wakiletewa kauli moja kwenye simu huambiwa ndiyo dini yote, na kumbe maimamu walikuwa wakijadiliana tangu zama hizo, tena wakizungumzia vita vinavyotangazwa na kiongozi, si mtu na bunduki kwenye bweni la wanafunzi. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, waliuawa watu 148. Sifundishi somo hili kwa kujifurahisha.

Kisha Maalim akaniuliza jihadi ya nafsi naifundishaje. Nikamsomea ile hadithi ya kurudi kutoka jihadi ndogo kwenda jihadi kubwa, niliyoisomesha miaka mingi. Akatikisa kichwa. Imam Ghazali ameitaja, akasema, lakini watu wa hadithi wanaidhoofisha, na Ibn Taymiyya kasema haina asili, yaani haikuthibiti kwa Mtume. "Maana yake si mbaya, bi. Ila ukijenga darasa juu yake, atakuja mtu mmoja alibomoe lote." Akanipa badala yake ya Fadhala bin Ubaid, iliyo katika mkusanyo wa hadithi wa Tirmidhi: mwenye kufanya jihadi ni yule anayepambana na nafsi yake. Nikatoka na tarjuma na Ibn Rushd, shilingi 4,300 kwa M-Pesa. Sahihi Bukhari ninayo nyumbani.

Sasa lawama. Mlangoni pana kikapu cha vijitabu vya shilingi hamsini. Nilichukua kimoja kinachohusu jihadi. Hakina mwandishi, hakina mchapaji, hakina mwaka. Ukurasa wa nne wameweka Sura at-Tawba, aya ya 5, ile ya kuwaua washirikina, wakakata hapo hapo. Aya ya 6 hawakuiweka, inayosema mshirikina akikuomba hifadhi mpe asikie maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha mfikishe mahali pake pa amani. Nikafungua msahafu wa dukani nikamwekea Maalim mbele yake. Akasema vijitabu hivyo huletewa na wachuuzi, hulipa vikiuzika, hajavisoma. Mtu aliyenisahihisha hadithi ya nafsi haifai aseme hivyo. Nilimwambia, kwa adabu, avitoe.

Wiki iliyofuata nilipita tena. Kikapu kipo, vijitabu vimepungua, na hakuwepo nimuulize kama amevitoa au vimenunuliwa. Nyota nne, na ya tano naizuia kwa hicho kikapu. Nendeni baada ya Alasiri, asubuhi hufunga. Kitabu cha Kiswahili kinacholeta ikhtilafu za maimamu kwa mpango ule wa Ibn Rushd hana. Itabidi ujue Kiarabu au uende na anayejua.

Binti nilimjibu kwa hadithi ya Bukhari. Mtu alikuja kwa Mtume kuomba ruhusa ya kwenda vitani, akaulizwa wazazi wako hai? Akasema ndio. Akaambiwa, basi fanya jihadi kwa hao. Binti akarudi kwenye Luqman akaisoma aya yote upya, polepole, na safari hii hakusimama kwenye jaahadaaka. Alisimama kwenye "kaa nao kwa wema".