Toyota IST imetoka bandarini: cha kununua kwanza na kufunga mwenyewe uani

Gari mtumba la Kijapani likishatoka bandarini, mfuko umekauka lakini mikono inawasha. Na washauri hawakosekani: weka rimu, weka LED, linyanyue kwa spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi ili kuinua gari. Mimi napanga kwa kipimo kimoja tu: kitu utakachofunga kwa bisibisi na spana namba 10 bila kukata hata waya mmoja wa gari, na ambacho utakihisi kila siku ukiwa kwenye foleni. Kinachodai kukata, kinashuka.

1. Filta ya AC na waipa

Najua, hakuna atakayekusifia. Lakini fungua droo iliyo mbele ya abiria, ibane kuta zake mbili kwa ndani mpaka iachie na kushuka. Kwenye Toyota nyingi, nyuma yake kuna kifuniko chembamba cha plastiki, na ndani ndimo filta ilimo. Yangu ilitoka na majani makavu yaliyosafiri nayo kutoka Japani, na mimi miezi miwili nzima nilikuwa nalaumu gesi ya AC kuwa imeisha. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi mlinganishe, kisha uiweke mpya mshale wake ukiwa upande uleule. Waipa pima moja moja, maana ya dereva mara nyingi ni ndefu kuliko ya abiria.

2. Redio

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Redio nyingi za Kijapani husoma FM kuanzia 76 hadi 90 tu, wakati sisi tunatangaza kati ya 87.5 na 108. Ukiwa Dar utazipata Clouds 88.5 na Wasafi 88.9, ila EFM 93.7 utaisikia kwenye gari la jirani.

Njia ya bei ndogo ni ekspanda, kile kidude kinachochomekwa kwenye waya wa antena ili kushusha masafa. Piga hesabu kabla ya kulipa. Ikishusha kwa 14, EFM utaikuta kwenye 79.7, lakini Clouds itakuwa imeangukia 74.5, namba ambayo redio yako haina. Umepata stesheni moja, umepoteza nyingine. Bora usubiri ununue redio yenyewe.

Ukienda Kariakoo, nenda na vipimo. Tundu la redio kwenye Toyota nyingi lina upana wa milimita 200, redio za kawaida ni 178, kwa hiyo ukibeba ya kawaida utabaki na pengo pembeni. Ukitaka skrini ya inchi 9, fremu iwe ya modeli yako hasa. Muuzaji akikwambia "hii ni ya Toyota zote," rudisha pesa mfukoni. Ya Android yenye RAM ya GB 1 iache hapohapo, itaganda siku ya kwanza utakapofungua ramani. Anzia GB 2. Na usiondoke bila soketi ya Toyota, ile ya kuunganisha nyaya za redio na za gari, kwa sababu soketi ndiyo inayokuepusha na kisu na selotepu.

Siku ya kufunga, toa kwanza terminali hasi ya betri. Kwenye redio, waya wa njano ni umeme wa kudumu, mwekundu ni wa umeme unaokuja ukizungusha funguo, mweusi ni wa bodi. Ukibadilisha njano na mwekundu, kila ukizima gari redio itasahau stesheni zako zote, au itakulia betri usiku kucha.

Dashibodi ikiwa wazi, kitafute na kile kisanduku cha ETC. Yule dada anayekusemesha Kijapani kila unapowasha gari ndimo anamokaa, anadai kadi ya kulipia barabara za kwao. Chomoa soketi, atanyamaza.

3. Kamera ya nyuma

Inunue pamoja na redio, maana waya wake wa picha unaishia huko. Umeme wake unatoka kwenye taa ya riveasi. Kazi kubwa ni kupitisha waya kwenye mpira wa mlango wa nyuma kisha chini ya plastiki za pembeni. Tenga Jumamosi nzima, na uwe na subira na vibanio vya plastiki.

4. Taa: nunua msasa, siyo LED

Taa iliyotengenezewa balbu ya halojeni ukiitia LED, mwanga hautoki pale kioo chake kinapoutarajia. Unatawanyika, unampofua anayekuja mbele. Mara nyingi tatizo lenyewe ni ukungu wa njano kwenye plastiki ya nje. Bandika selotepu ya karatasi kulinda rangi, sugua kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, umalizie na polishi na kinga ya jua. Bila kinga, unjano utarudi. Dawa ya meno inang'arisha, lakini si kwa muda mrefu.

Ya mwisho: spesa

Hii usiifanyie nyumbani kabisa. Springi iliyobanwa ikichomoka inaweza kuua mtu. Gari likikwaruza matuta, angalia kwanza kama springi zimechoka. Ukiamua spesa, mpelekee fundi mwenye kibanio cha springi, na ukitoka hapo upitie kwenye alaimenti, yaani kunyoosha matairi.