Fluorometa ya PAM kwenye mawe ya mto wenye metali: shaba inaiona, kadimi inaipita

Fluorometa ya PAM ya kubeba mkononi, yaani kifaa kinachopima mng'ao wa klorofili kwa mapigo ya mwanga, ina ahadi moja inayovutia: unasogeza ncha ya waya wa nuru karibu na ule utando unaoteleza juu ya jiwe, unabonyeza, na papo hapo unapata namba ya kuonyesha kama mwani umeumia. Shaba ikiwa ndiyo tatizo, ahadi inatimia. Kwa kadimi, au mto uliopokea metali kwa miaka mingi, namba nzuri inaweza kukupoteza kabisa.

Kazi yake ni hii. Mwanga hafifu unaamsha mng'ao mwekundu wa klorofili; hiyo ndiyo F0. Kisha kifaa kinapiga mmweko mkali wa chini ya sekunde moja na kusoma mng'ao wa juu kabisa, Fm. Toa F0 kwenye Fm, gawanya kwa Fm. Utando wenye afya hutoa karibu 0.6 hadi 0.7. Anayesubiri 0.83 atasubiri sana, maana hiyo ni ya majani ya mimea ya nchi kavu.

Shaba huishusha namba hiyo haraka kwa sababu inagusa palepale panapopimwa: inavuruga njia ya elektroni katika mfumo wa nuru wa pili (PSII), ambao ndio kifaa kinaupima, tena inaweza kuchukua nafasi ya magnesi ndani ya klorofili. Kadimi huanzia kwingine, hasa kwenye vimeng'enya vya kufunga kaboni. Seli zinaweza kuwa zimepunguza kukua huku kifaa kikiendelea kuonyesha 0.65 bila wasiwasi.

Kosa linaloharibu vipimo vingi ni kutoiandika F0. Namba ya mwisho ni uwiano tu. Nusu ya seli zikifa na klorofili yake ikapauka, nusu iliyobaki bado itatoa uwiano mzuri, ila F0 itakuwa imeporomoka. Kwa hiyo andika zote mbili kila mara, ncha ikiwa umbali uleule kutoka kwenye utando. Umbali ukibadilika, uwiano hautikisiki sana, lakini F0 inakuwa haina maana. Kabla ya kuanza, sawazisha sifuri kwa kigae kitupu kilichozamishwa kwenye maji ya mto yaliyochujwa, kwani maji yenye mabaki mengi ya mimea nayo hung'aa.

Kabla ya kupima, weka utando gizani dakika 15 hadi 20, ukiwa ndani ya maji ya mto huohuo na joto lilelile. Ukiuacha hewani ukauke, kitakachoshuka ni kwa ajili ya ukavu, nawe utaisingizia zinki. Chukua vipimo vitano au zaidi kwa kila jiwe, kwa sababu sentimita mbili tu zinaweza kutenganisha utando mnene na jiwe tupu.

Unene nao ni mtego. Ute unaoshikilia seli hunasa metali kabla hazijafika ndani, na mwanga wa kifaa husoma zaidi tabaka la juu. Utando wa wiki moja na wa wiki sita haulinganishwi. Badala ya mawe tumia vigae visivyong'arishwa, viweke vyote mtoni kwa pamoja, vitoe vyote kwa pamoja. Ukitaka kujua metali iliyoingia kwenye seli, suuza sehemu ya sampuli kwa EDTA (kemikali inayonasa metali) kwanza ili kuondoa iliyogandamana nje. Fluorometa haiwezi kutofautisha hilo. Sampuli za maji zichujwe kwa kichujio cha mikromita 0.45 na zichukuliwe saa ileile: mchana usanisinuru hupandisha pH, na metali hushika utando kwa namna nyingine.

Upungufu mkubwa zaidi uko kwenye mito ya uchafuzi wa muda mrefu. Spishi dhaifu hutoweka, zinazostahimili kama *Achnanthidium minutissimum*, aina ya diatomu (mwani wa seli moja wenye maganda ya silika), hujaza nafasi, na kwa kuwa hizo zina afya, kifaa kinasema mto una afya. Hapo hadubini haina mbadala: safisha diatomu kwa peroksidi ya haidrojeni, hesabu maganda 400, na tazama yaliyopinda au kuvunjika mpangilio wa mistari, ambayo kwa kawaida hayafiki 1%. Mwenye bajeti ya kimoja tu anunue hadubini.

Ukiamua kununua fluorometa, uliza kwanza rangi ya taa. Taa ya buluu huamsha diatomu na mwani wa kijani vizuri, lakini sianobakteria, yaani bakteria wanaofanya usanisinuru, huziona kidogo mno. Hizo zinahitaji taa nyekundu. Na kwenye mito inayotoka migodini, yenye ile kutu ya rangi ya chungwa juu ya mawe, usitegemee F0 hata kidogo. Kutu huziba mwanga ukiingia na mng'ao ukitoka, na ukiisugua unaondoka na mwani wenyewe.