Makumbusho ya Misheni na Magofu ya Kaole, Bagamoyo: uzoefu wangu wa kupeleka watoto

Niseme mapema ninavyoyaona. Kwa mtoto wa miaka 8 hadi 13, Makumbusho ya Misheni Katoliki Bagamoyo ni darasa zuri sana la historia ya pwani, mradi mtu mzima aliyemleta awe amempangia kazi ya kufanya. Maandishi ya ukutani peke yake hayamshiki mtoto. Vyumba vyenye picha za kale, nyaraka na minyororo ya watumwa vinatosha dakika 25 hivi, baada ya hapo macho yanahamia dirishani. Lakini makumbusho si vyumba hivyo tu. Uwanja mzima wa misheni una mambo ya kuona: mnara wa kanisa la zamani, mbuyu, makaburi ya wamisionari, miembe mikubwa, msalaba upande wa bahari. Watu wengi hulipa kiingilio, wakazungusha watoto ndani, wakapiga picha ya pamoja mlangoni, wakaondoka. Wamekwisha kulipia, na kilicho kizuri zaidi hawajakiona.

Kama ni kundi, toa taarifa siku kadhaa kabla, na utaje idadi ya watoto, darasa lao, na kwamba unataka maelezo kwa Kiswahili. Hilo la mwisho husahaulika. Mwongozaji anayeshinda na wageni watu wazima huwa na mtiririko wake wa majina na miaka, na mtoto wa darasa la nne hupotea kwenye jina la tatu. Ukimwambia mapema, "Kaka, hawa ni wa darasa la nne, tuwaonyeshe vitu vitano tu," maelezo yanabadilika kabisa. Watoto wasizidi 12 kwa kila mwongozaji. Wakizidi, wa nyuma hawaoni kitu, wanaanza kusukumana, na muda wote unaishia kwenye kukaripiana. Walio wengi wagawe: nusu ndani, nusu chini ya miti na mkubwa mwingine, kisha wabadilishane.

Ndani, mpe kila mtoto penseli, karatasi, na kipande cha boksi gumu cha kuwekea karatasi. Achague kitu kimoja akichore kwa dakika 5 nzima. Wino usiingie humo, na flashi ya simu izimwe. Kuchora kunamlazimisha mtoto kuangalia. Anayechora mnyororo hugundua mwenyewe kwamba pete hazilingani: hii nene, ile imepinda, nyingine ina alama ya nyundo pale ncha mbili zilipounganishwa. Zilifuliwa kwa mkono, moja moja. Hapo ndipo linapokuja swali ambalo maelezo ya dakika 20 yasingelileta: "Mwalimu, fundi aliyeutengeneza alijua ni wa kumfunga mtu?" Swali kama hilo likitokea, simamisha ziara mlijadili. Usiliahirishe.

Minyororo hiyo ndiyo sehemu ninayowaomba wazazi na walimu waishughulikie kwa makini kuliko zote. Nimeona watoto wakiambiwa waunganishe mikono wajifanye watumwa ili wapigwe picha, au waigize soko mmoja akiwa mnunuzi. Napinga kabisa jambo hilo. Udhalilishaji ukigeuzwa mchezo, mtoto anaukumbuka kama mchezo. Tena katika darasa lolote la pwani wapo watoto ambao wazee wao walipitia njia hiyo hiyo, na wengine nyumbani kwao jambo hilo halizungumzwi. Walio chini ya miaka 7 wapitishe bila kusimama sana, uwasimulie habari za watu waliotolewa makwao na wakatafuta namna ya kuanza upya.

Watoto wakubwa uwaeleze kwa mfuatano. Watu walikamatwa bara na kutembezwa hadi pwani. Wengine walibakizwa kwenye mashamba ya huku huku, wengine wakavushwa kwenda Unguja sokoni. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakaanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakawa wanawakomboa baadhi ya watumwa kwa fedha na kuwaweka kwenye kijiji chao. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Uingereza, soko la Unguja likafungwa. Usiishie hapo, maana karibu kila mtoto huondoka akiamini utumwa ulikwisha siku hiyo. Biashara iliendelea kwa magendo, na hali ya utumwa kutambuliwa kisheria Tanganyika ilifutwa mwaka 1922 tu. Mtoto mdadisi atauliza pia kama waliokombolewa walikuwa huru kwenda watakako. Mjibu kweli: waliishi chini ya kanuni za misheni, wakilima, wakisoma na kujifunza ufundi. Watoto wanaweza kubeba jibu lenye pande mbili.

Mkitoka nje nendeni mnarani. Unaitwa Mnara wa Livingstone, na jina hilo linawapotosha wengi. Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, akiwa hai hakufika Bagamoyo. Kilichofika ni maiti yake, tarehe 24 Februari 1874, ikalazwa hapo kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Watoto wanapenda mno kisa cha safari yenyewe, basi kisimulie kwa hatua. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ya leo ya Zambia. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walitoa moyo na matumbo wakavizika chini ya mti, wakautia mwili chumvi, wakauanika juani kama wiki 2. Kisha wakauviringisha kwa nguo, wakauweka ndani ya gome la mti, wakashonea turubai juu yake. Ulionekana mzigo wa biashara kama mizigo mingine, nayo ilikuwa lazima, kwa sababu vijiji vya njiani visingekubali msafara wenye maiti upite. Walitembea miezi kama 9, zaidi ya kilomita 1,500. Uingereza mwili ulitambuliwa kwa mfupa wa mkono wa kushoto, ambao simba aliuvunja mwaka 1844. Baada ya kisa hicho wape kazi moja: waandike majina ya waliobeba, si ya aliyebebwa tu.

Mbuyu wa misheni ulipandwa mwaka 1868, na kipande cha mnyororo kinaonekana kimezama kwenye shina. Inasimuliwa kwamba Bibi Chevalier, aliyejitolea kuhudumu misheni, alimfungia hapo punda wake. Waambie hilo kabla hawajafika, kwa sababu wakitoka kuona minyororo ya ndani wanaunganisha wenyewe na kwenda kusimulia nyumbani kwamba watu walifungwa kwenye mti huo. Sayansi yake ni rahisi: mti hunenepa kwa nje, chini tu ya gome, kwa hiyo kitu kigumu kilichofungwa shinani hakisogei, mti ndio unaokifuata na kukifunika. Beba kamba ya mita 20. Wazungushe shina, wapime urefu kwa futi kamba, wagawe kwa 3.14 wapate kipenyo. Wasivute mnyororo.

Sasa shughuli ninayoithamini kuliko zote, ambayo haihitaji kitu chochote cha makumbusho. Omba ruhusa, keti chini ya miembe, utoe kitambaa cha mita 4. Katika biashara ya misafara nguo ilikuwa kama fedha: merikani, nguo ya pamba isiyotiwa rangi iliyofumwa Marekani, hasa Massachusetts, na kaniki. Ilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. Mwite mtoto mmoja apime doti, kisha mtu mzima apime kitambaa hicho hicho. Mkono wa mtu mzima ni kama sentimita 45, kwa hiyo doti yake inafika mita 3.6. Wa mtoto wa miaka 10 ni kama 37, doti yake haifiki mita 3. Sentimita 60 na zaidi zimepotea, na hakuna aliyeiba. Uliza: nani apime, muuzaji au mnunuzi? Hapo darasa zima linapiga kelele, kila mmoja anamtafuta mwenye mkono mrefu amwakilishe. Waache wabishane mpaka wao wenyewe waone kwa nini kulihitajika kipimo cha kukubaliana.

Kisha uzito. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16, pungufu kidogo ya ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila 2 hivi, bado hajabeba mkeka na chakula chake. Usimruhusu mtoto anyanyue uzito huo, mgongo utaumia. Kusanya chupa za maji za lita 1.5 walizokuja nazo. Chupa 21 zikiwekwa pamoja zinakaribia kilo 32. Watoto 12 wakileta mbili mbili, mzigo mmoja wa mpagazi umekamilika na zimebaki 3. Wazunguke rundo hilo waliangalie, kisha wapige hesabu: Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa siku, ni siku 80 za kutembea tupu, bila siku ya kupumzika, ya ugonjwa wala ya kusubiri mto upungue. Na pembe zenyewe zilienda wapi? Nyingi zilikwenda Ulaya na Marekani kuwa vibao vya piano na mipira ya biliadi. Watoto hukasirika wakilisikia hili, na sidhani kama ni kazi yetu kuwapoza.

Kosa la kawaida katika shughuli hii ni kuifanya kabla ya kuingia ndani. Nguo na chupa zikishatoka hakuna anayetaka tena kusikiliza maelezo. Tangulia ndani, halafu mnara na mbuyu, kitambaa na mizigo viwe vya mwisho. Ukichelewa ukafikia saa saba, ruka mizigo ule chakula kwanza. Mtoto mwenye njaa hapimi.

Kaole, magofu ya mji wa kale wa bandari, ni kama kilomita 5 kusini mwa mji, bajaji inafika. Walio chini ya miaka 8 usiwachanganyie sehemu zote mbili siku moja. Kwa wakubwa anzeni Kaole saa mbili na nusu au saa tatu asubuhi, kwa sababu magofu yako wazi juani, kisha mrudi misheni jua likipanda. Kuna mabaki ya misikiti miwili, wa zamani zaidi ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi, mengine yakiwa na nguzo. Waonyeshe vishimo vya mviringo kwenye makaburi hayo: humo zilipachikwa bakuli za udongo kutoka China. Mtoto akishaona kishimo, habari ya biashara ya Bahari ya Hindi haihitaji tena ramani.

Beba kioo cha kukuzia. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na ukisogeza kioo unaona vijitundu vya matumbawe vimejipanga. Matumbawe yanayochimbwa yangali mabichi baharini huwa laini kuchongeka, yakikauka yanakuwa magumu. Ndiyo maana mafundi wa pwani waliweza kuchonga mihrabu kwa ustadi ule. Mawe hayo hukwaruza vibaya, kwa hiyo viatu vya kufunika na hakuna kupanda ukutani. Kupanda kunang'oa chokaa, na kila kipande kinachoanguka hakirudi. Mikoko iliyo mbele yenu ndiyo jibu la kwa nini bandari ilikufa: tope lilijaa, mikoko ikasogea, vyombo vikakosa njia, maisha yakahamia Bagamoyo. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke mwaka 1857 bado walianzia safari yao Kaole. Usiahidi watoto kuogelea hapo, ni matope. Na wanyamaze makaburini, maana wapo watu wanaokuja kuomba dua hadi leo.

Mengineyo kwa haraka. Kiingilio cha mwananchi ni nafuu kuliko cha mgeni, basi watu wazima wawe na vitambulisho na shule ije na barua. Beba pesa taslimu na uombe stakabadhi. Misheni ni eneo la ibada: mavazi ya heshima, na Jumapili asubuhi paache, kuna misa. Kati ya Machi na Mei masika huharibu ratiba ya nje, hasa Kaole. Kila mtoto aje na maji chupa mbili za lita 1.5, kofia, na chakula kisichochacha. Mihogo ya kuchemsha na mayai inavumilia joto kuliko wali wa nazi. Choo waende wote kabla ya kuingia ndani, si mmoja mmoja katikati ya maelezo.