TAHADHARI: "Dima smati" unayouziwa WhatsApp inaweza kuwa rilei tu

Kuna watu wanauza seti ya "dima smati na swichi zake za kubonyeza" kwa picha safi, pesa utume kwanza. Dima ni kifaa cha kupunguza na kuongeza mwanga wa balbu. Ukifungua boksi unakuta rilei ya kuwasha na kuzima pamoja na swichi za kawaida. Ukilalamika unaambiwa fundi wako hajui kufunga.

Omba picha ya maandishi yaliyo kwenye kifaa chenyewe, siyo ya boksi. Dima ndogo ya kuficha nyuma ya swichi huandikwa uwezo wake kwa wati, mara nyingi mia mbili na ushei, tena na aina za balbu inazobeba. Ukisoma 10A au 16A peke yake, hiyo ni rilei. Sonoff MINI R2, kwa mfano, ni kifaa kizuri, ila haipunguzi mwanga hata ukiibembeleza. Iliyoandikwa 120V tu ni ya Marekani. Kwenye 230V ya Tanzania au 240V ya Kenya itaungua. Dukani tumia masikio pia: rilei hulia "tak" kila ikiwaka, dima haina mlio huo.

Swichi ndiyo inayowaponza wengi. Inatakiwa ya aina ya kengele, ukiiachia inarudi yenyewe. Weka mita ya fundi (multimeter) kwenye mlio: ilie tu wakati kidole kimebonyeza. Ukifunga swichi ya kawaida, dima inaona kama kidole hakijaachia, basi mwanga unapanda na kushuka wenyewe. Zile zenye kitaa kidogo ndani hupitisha umeme kidogo, na dima inaweza kudhani umebonyeza. Na usikubali kitufe cha kengele ya 12V, maana kwenye dima nyingi za aina hii waya wa swichi una umeme kamili wa nyumba. Kiandikwe 250V.

Kwa kawaida waya huenda hivi: waya wa moto (unaoleta umeme) kwenye L, nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye N, balbu kwenye O, na swichi kati ya L na S. Swichi tatu za korido zote zinakaa sambamba kati ya L ileile na S. Waya za zamani za tu-wei (taa moja, swichi mbili) lazima zipangwe upya, na usivute moto wa breka nyingine. Mchoro wa kifaa chako ndio wa mwisho. Zima breka, hakikisha kwa mita, na kazi afanye fundi mwenye leseni (EWURA Tanzania, EPRA Kenya).

Ujanja mwingine ni "haihitaji nyutro". Ni kweli zipo, na zinafaa kwa sababu boksi nyingi za swichi hazina nyutro. Lakini hutaka mzigo wa kutosha, yaani wati za balbu. Balbu moja ya LED ya wati 5 itapepesa, au itabaki na mwanga hafifu hata ukizima, hadi ufunge baipasi (kifaa kidogo cha kupitishia umeme huo wa ziada) sambamba na balbu. Muuzaji mkweli huitaja baipasi kabla hujauliza. Balbu za LED nazo ziwe zimeandikwa "dimmable", na feni usiifunge humo kabisa.

Asiyekubali ujaribu kwa balbu ya nyuzi ya wati 60 kabla ya kulipa, mwachie mzigo wake.