Mashine ya kupima mapigo ya moyo Bukavu: ununue ipi, na ya kumpima nani

Ukiingia farmasi ya Nyawera au Kadutu kuulizia mashine ya mapigo, utapewa iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Kabla ya bei, jua itampima nani, maana namba ileile kwa mmoja ni uzima, kwa mwingine ni hatari.

Kichanga aliye macho hupiga 100 hadi 160 kwa dakika bila ugonjwa wowote. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 ni kati ya 80 na 120. Kuanzia ujana, mtu aliyetulia huwa kati ya 60 na 100; mchezaji aliyezoea mazoezi anaweza kushuka mpaka 45 akiwa mzima kabisa. Wanawake kwa wastani huwazidi wanaume kwa mapigo machache, kwa kuwa moyo wao ni mdogo kidogo na kila pigo husukuma damu pungufu. Mama mjamzito huongezeka 10 hadi 20. Uzee haugusi sana mapigo ya kupumzika. Unachoshusha ni kilele, yaani mwisho ambao moyo unaweza kufika mtu akijituma, tena huleta mapigo yanayorukaruka.

Ya kwanza kwetu ni mashine ya tansio, yaani presha ya damu, inayofungwa mkono wa juu. Hutoa tansio na mapigo pamoja, na nyumba yenye wazee inahitaji vyote viwili. Angalia mkanda wake: nyingi huja na wa sentimita 22 hadi 32. Pima katikati ya mkono wa juu kwa mita ya fundi wa nguo kabla ya kulipa. Mkono wa sentimita 35 ukibanwa na mkanda huo, tansio itasomeka juu kuliko ilivyo. Zile za kufunga kifundo cha mkono tunaziacha, kwa sababu mkono usipokuwa usawa wa moyo zinakosea.

Ya pili ni oksimita ya kidole, kibanio kinachosoma mapigo na oksijeni ya damu. Ni ndogo, bei yake nafuu, na kwa mgonjwa wa kikohozi inasaidia kuona oksijeni. Lakini hapa ndipo bidhaa feki zilipojaa. Iwashe dukani, uibane kwenye kalamu badala ya kidole. Ikikuandikia oksijeni 98 na mapigo 72 ya kalamu, mrudishie mwenyewe. Kisha weka kidole chako na uguse kifundo cha mkono wa pili, upande wa dole gumba, uhesabu sekunde 60 kamili. Tofauti ikizidi mapigo 5 mara mbili mfululizo, chukua nyingine. Vidole vya baridi, rangi ya kucha na hina huivuruga. Ya mtu mzima haikai kwenye kidole cha kichanga. Kwake afadhali uguse upande wa ndani wa mkono wa juu na kuhesabu.

Mkanda wa kifuani ni wa wakimbiaji. Unasoma umeme wa moyo wenyewe, basi kwa mazoezi hakuna unaoushinda, ila lowesha sehemu zinazogusa ngozi. Mama wa nyumbani hauhitaji.

Saa ya kidijitali tunaiweka ya nne. Ukitulia inasoma vizuri. Ukipanda ngazi za Kadutu, taa yake ya kijani inayosoma mapigo inaweza kushika hatua zako badala ya moyo na kukuonyesha 160. Ivae juu kidogo ya mfupa wa kifundo, ikaze isiteleze. Ingiza umri na jinsia za kweli: saa nyingi hukadiria kilele kwa 220 kutoa umri, yaani 170 kwa mwenye miaka 50. Mwaka 2010 watafiti wa Chicago walipendekeza kwa wanawake 206 kutoa asilimia 88 ya umri, ambayo kwa miaka hiyo 50 ni 162. Mwanamke anayefuata hesabu ya kwanza anaweza kujilaumu bure kwamba hajitumi.

Programu ya simu inayotumia kamera iwe ya mwisho kabisa.

Mashine yoyote ile, kaa dakika 5 kwanza, usiwe umetoka kunywa kahawa wala kuvuta sigara. Homa pia hupandisha, karibu mapigo 10 kwa kila digrii moja. Dawa za tansio na moyo kama atenolol na bisoprolol hushusha mapigo, kwa hiyo mzee anayezimeza akiwa na 55 bila kizunguzungu asishtuliwe. Anayebaki juu ya 100 akiwa ametulia siku baada ya siku aonane na daktari; mwenye maumivu ya kifua au aliyezimia apelekwe hospitali saa ileile, namba iwe yoyote. Mapigo yakirukaruka, usiamini kioo, hesabu kwa vidole dakika nzima.

Mashine za tansio nyingi hula pile (betri) 4 za AA. Nunua za alkalini. Zile za bei ya chini kabisa hazina nguvu ya kuendesha pampu: mashine inawaka, inajaza hewa nusu, inaandika kosa, na watu wanadhani imekufa. Ikikaa mwezi bila kazi, zitoe, maana zikivuja zinakula vyuma vya ndani.