Takumar 35mm f/3.5: Lenzi Kuukuu Iliyonifanya Nisahau Otofokasi

Haya wapendwa, karibuni tena kwenye chaneli. Leo sina utangulizi, nina hamu tu ya kuwaonyesha hiki kidude. Ngoja nikisogeze karibu... hapo, mnakiona? Super-Takumar, 35mm, f/3.5. Kimetengenezwa Japani na Asahi Optical, hao hao wa Pentax, miaka ya 1960. Ni chuma na kioo tupu. Hakina mota wala chipu, na ukikifunga kwenye kamera ya leo, kamera inakuambia hakuna lenzi. Kwa hiyo kabla ya yote ingia kwenye menyu, ruhusu kamera ipige bila lenzi, halafu iambie mwenyewe kwamba ni 35mm ili kile kituliza mtikisiko kifanye kazi sawasawa. Ukisahau hilo usije kwenye maoni kunilaumu.

Vipimo vingine sivisomi. Filta ni 49mm, skrubu ya kufungia lenzi kwenye kamera ni ya aina ya M42, tuendelee.

Kilichonileta hapa ni pete hii. Tazameni ninavyoizungusha. Taratibu... mnaona inavyokwenda? Nzito kidogo, haikwami, haichezi, na mwisho wake upo: inagota hapa kwenye umbali wa karibu, inagota kule kwenye ile nane iliyolala, yaani alama ya mbali kabisa. Sasa shikeni lenzi zenu za kisasa mzungushe pete. Inazunguka milele! Haina mwanzo, haina mwisho, haina hata namba moja. Unazungusha umeme, si lenzi. Mimi hilo linaniudhi mno, na wanatuuzia kwa bei ya juu.

Nifuatilieni hapa polepole, maana hapa ndipo penyewe. Juu ya pete kuna umbali kwa mita. Chini yake kuna mistari imepangwa kushoto na kulia kwa jozi, na namba za apecha, yaani tundu la kupitishia mwanga: 16 huku, 16 kule, 11 huku, 11 kule. Nimeweka apecha kwenye 11. Badala ya kulenga kitu, nachukua ile alama ya nane iliyolala naiweka mkabala na 11 ya upande mmoja. Halafu nasoma 11 ya upande wa pili inaangukia mita ngapi. Hapo lenzi imeshakuambia kitakachokuwa kikali kuanzia wapi hadi wapi, na hujagusa kitufe chochote, wala hujawasha kamera! Kwa hesabu ya kawaida ya fremu nzima, yaani sensa yenye ukubwa wa filamu ya 35mm, 35mm kwenye f/11 ukilenga mita 3.7 hivi, unapata ukali kuanzia karibu mita 1.9 mpaka upeo wa macho. Jiwe la mbele limo, mti wa katikati umo, na mlima wa nyuma umo.

Na utamu wenyewe unakuja mkiwa kundi. Sisi tukitoka kupiga mandhari alfajiri, ukungu umetanda, otofokasi za watu zinahangaika, zinakwenda mbele zinarudi nyuma, kwa sababu hazina mstari wa kushika. Mwenye Takumar keshaweka pete yake, amekaa anawatazama. Kisha inaanza ile "hebu nipe kidogo". Mmoja ana Sony, mwingine Fuji, mwingine Nikon Z, lakini kila mtu ana adapta yake ya M42, ile pete ya kuunganisha lenzi na kamera isiyo yake, basi lenzi moja inafunguliwa kwa skrubu, inahamia kamera nyingine, inarudi. Lenzi za kisasa hamuwezi kuazimana hivyo, kila kampuni imejifungia mlango wake. Utata ni kwamba kila anayeipokea anazungusha pete kuionja, na ikikurudia imelenga kichaka. Jamaa zangu, mkitazama hii, mnajijua.

Ila hiyo mistari msiiamini kama msahafu. Iliwekwa kwa kipimo cha picha za filamu zilizosafishwa kwa ukubwa wa wastani. Leo tuna sensa za megapikseli kibao, na sote tuna ugonjwa wa kuvuta picha mpaka asilimia 100. Kwa hiyo mimi nikiwa kwenye f/11 natumia mistari ya f/8, au hata ya f/5.6 mlima ukiwa ndio mhusika mkuu. Unapoteza kidogo mbele, unapata mlima mkali. Na usikimbilie f/16 ukidhani ndiyo dawa, mwanga ukipita kwenye tundu dogo namna hiyo unasambaa, picha nzima inalegea.

Sasa adapta, jamani. Hapa ndipo watu wengi wanaitupia lenzi lawama isiyo yake. M42 inataka kitako cha lenzi kikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Sony ina milimita 18, maana yake adapta inatakiwa iwe na 27.46 kamili. Watengenezaji wengi wanaikata nyembamba kidogo makusudi, kwa sababu ikizidi unene hutafika mbali kabisa, na mteja atarudisha. Ikipungua, lenzi inapitiliza. Yaani ukiizungusha mpaka ikagota, umeshavuka mlima, na nyota zote zinakuwa madoa. Halafu ile mistari niliyoisifu sasa hivi, nayo inadanganya.

Dawa yake nawaonyesha. Fungua apecha yote, 3.5. Lenga kitu cha mbali sana, mnara au kilele. Bonyeza kukuza skrini. Sasa zungusha mpaka igote... ona, imelegea. Rudi nyuma kidogo sana, sana... hapo! Mmeona kingo zilivyokaza? Huo ndio mwisho wa kweli wa adapta hii. Nakata kipande chembamba cha utepe mweupe, nabandika hapa kwenye pipa la lenzi, mkabala na ile nane. Kuanzia leo nasoma kwenye utepe, sisomi alama ya kiwandani. Ukibadili adapta, rudia. Na zile rangi nyekundu za kamera zinazometameta kwenye kingo kuonyesha palipolengwa zisikutoshe peke yake, huwa zinawahi kushangilia. Kuza.

Wenye zile DSLR za Nikon, kamera zenye kioo cha kuakisi ndani, mnisamehe, kwenu milimita ni 46.5. Kamera yenyewe imeshapitisha zile 45.46, hivyo bila adapta yenye kioo cha kusahihisha hamfiki mbali, na hicho kioo kinaharibu picha.

Kuna kiswichi kidogo hapa, A na M. Kama adapta yako haibonyezi kile kipini cha nyuma, ukiwa kwenye A apecha inabaki wazi, ukienda M inafunga mpaka ulipoweka. Basi: A, skrini inang'aa, nalenga. M, napiga. Kidole gumba tu. Hii ndiyo sababu nimeachana na Helios 44-2, lenzi nyingine kuukuu ya M42. Najua mtakuja juu! Helios ni 58mm f/2, imetokana na Biotar ya Zeiss, na ule ukungu unaoonekana kuzunguka nyuma ya mtu kwenye picha ni mzuri, sibishi. Lakini mandhari haina haja ya nyuma inayozunguka, na ile pete yake ya pili ya kufunga apecha ukiwa na glovu baridini ni adhabu.

Kwenye jua Takumar hii ina udhaifu. Mipako yake ni ya zamani, ile ya tabaka nyingi Asahi waliileta mwaka 1971. Jua likiingia pembeni, rangi zinafifia na kivuli kinageuka kijivu. Nilianza nikiwa nimekasirika, sasa hivi kuna asubuhi naliacha liingie makusudi. Mchana nakinga kwa mkono.

Bei sitaji, inategemea ulipo na bahati yako. Tangu kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani zije, wauzaji wamezinduka. Ukiipata, washa tochi, mulika kutoka nyuma ukitazama mbele. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache. Vumbi kidogo lisikutishe. Tazama mabawa ya apecha yasiwe na mafuta, na pete isiwe imekauka.

Habari ya chaneli: upepo kwenye video zilizopita mmeulalamikia sana, nimeshavalisha maiki manyoya. Video ijayo ni 28mm dhidi ya hii 35, zote f/3.5, zote Takumar, kilima kimoja. Jisajili, gonga kengele. Na wewe uliyewahi kupata adapta ya M42 inayogota palepale kwenye nane bila utepe, niandikie jina lake hapo chini, nataka kuinunua.